Nani Kasema Bertha Amehama?

Bertha alifika Mazwi mjini asubuhi akiwa na randa ya seremala ndani ya kikapu. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni pa steshenari ya Kristiana, akamngoja mteja aliyekuwa akitoa nakala ya cheti amalize na kuondoka, kisha akaitoa randa na kuiweka juu ya kaunta, wembe ukitazama juu.

"Shikamoo, mama," alisema Kristiana.

"Marahaba. Nani kasema nimehama?"

"Karibu kiti kwanza, mama."

"Kiti nitakalia nikishajibiwa. Nimerudi juzi kutoka bondeni, vumbi la njiani sijalinawa, shemeji yangu Fabiani anakuja kuniuliza kama nimekuja kuaga. Namuuliza, kuaga nini? Ananiambia si umehama, mtandao wenu umesema. Akaazima simu ya mtu akanionyesha. 'Bertha amehamia kwa Monika.' Nimesoma mwenyewe, darasa la saba nililimaliza. Sasa nakuuliza tena. Nani kasema?"

Kristiana aligeuka akaitazama kompyuta. Maneno yale aliyaandika yeye, kwa kompyuta ile ile iliyokuwa nyuma ya kiwiko chake, na alipoyaandika alijiona mjanja.

"Ni mimi, mama."

"Basi nimekaa," alisema Bertha, akavuta kiti.

Ufipa, neno kuhama si la kuchezea. Nyanda zile za juu hulimwa kwa ntumba. Mvua zikikolea watu hukata nyasi, huzifukia chini ya vilima vidogo vya udongo, huziacha zioze kiangazi kizima, na msimu unaofuata huvifumua vilima hivyo na kupanda juu ya rutuba iliyolala. Mwenye ntumba akiteremka bonde la Rukwa kuvuna mpunga kwa ndugu, hata akikaa huko mpaka majani yakauke, vilima vyake havigusiki, kwa sababu ameenda shamba. Lakini akihama, kijijini kwa akina Bertha, vilima ni vya ndugu wa kwanza atakayevitia jembe. Bertha alikuwa mjane. Ndugu wa kwanza alikuwa Fabiani, na jembe la Fabiani lilikuwa limeshanolewa.

"Anapita njia ya shambani kwangu jioni na asubuhi," Bertha alisema. "Hasemi kitu. Anaviangalia tu vilima vyangu kama mtu anayeangalia chungu kilicho motoni. Sasa sikiliza. Jumamosi ni siku ya mbegu ya kikundi chetu, na safari hii inafanyikia uwanjani kwangu. Watu watakuja na simu zao. Zikiwaambia nimehama, mbele ya macho yao nautia randa mlango wa ghala langu mpaka herufi zako zote zitoke. Na wenzangu wamesema, wakiniona mimi nimetia randa, nao watatia."

"Mama, nilikupa neno langu..."

"Neno lako si ndilo liko mlangoni kwangu? Ndiyo maana nimekuja na randa." Akasimama, akakitwaa kikapu kitupu. "Hiyo iache hapo uitazame. Jumamosi uje nayo mwenyewe."

Akatoka bila kuangalia nyuma.

Ili kuelewa kwa nini chombo kile cha seremala kilimkaa Kristiana rohoni kuliko barua yoyote ya wakili, inabidi kujua alivyofika pale. Alizaliwa Izia, nyumba ya mwisho kabla mahindi hayajaanza. Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya kuchapa matangazo ya ndoa katika ofisi ya parokia, kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika kila padre akiwasha pasi. Alijifunza kuitengeneza kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza. Hivyo ndivyo alivyojifunza kila kitu tangu hapo: kitu kilikataa, naye akakataa kukataliwa. Aliolewa na Abeli, mchuuzi wa samaki anayeleta migebuka na dagaa kutoka Kasanga, mtu wa ziwa mwenye maneno mengi. Walipopata watoto wakamwita Mama Adela, lakini wanawake wa mbegu waliendelea kumwita Kristiana, maana walimjua tangu akiwachapia karatasi.

Wanawake hao ni kikundi cha watunza mbegu. Kila mmoja ana ghala lake dogo na mbegu yake ya asili anayoilinda: huyu maharage, yule mahindi meupe ya zamani, Bertha ulezi mwekundu wa kichwa kilichofumba kama ngumi, ambao hakuna mwingine aliyebaki nao. Watu walikuwa wakija kutoka mbali kutafuta mbegu na kurudi mikono mitupu kwa kutojua nani anatunza nini. Kristiana akawatengenezea tovuti. Kila ghala likapata ukurasa wake na anwani yake fupi: jina la kikundi, alama ya mkwaju (/), jina la mwenye ghala. Mkulima anaiandika kwenye simu, anaona mbegu gani ipo, inapandwa vipi, na njia ya kufika.

Tatizo likawa pa kuiandika anwani hiyo ghalani ili mpita njia naye aione. Kristiana alipendekeza stika.

"Stika?" Bertha alicheka siku ile mbele ya wenzake. "Karatasi ni ya kuwashia moto, na kama si moto ni panya. Rangi nayo inafutika. Wewe una uhakika na hiyo anwani yako?"

"Ninao."

"Haitakufa?"

"Haitakufa, mama."

"Basi choma."

Wakamwita Modesti, mhunzi, akafua herufi za chuma, akazipasha moto hadi zikawa nyekundu, na mlango mmoja baada ya mwingine ukachomwa anwani yake. Kwa wanawake wale mlango wa ghala la mbegu ni wa mama mwenyewe. Hata mume akitaka kuingia huomba. Kuuchoma mlango huo alama ya mtu mwingine kulikuwa ni kumkabidhi kitu kikubwa. Kristiana aliusikia ule moshi wa mninga kooni, akajua kuwa ameahidi.

Neno lake lilijaribiwa mapema mwaka huu. Mfumo wa zamani wa tovuti ulichakaa, ikabidi ijengwe upya, na rafiki yake Evans, mtaalamu wa programu anayeishi Mbeya, akamsaidia. Katika mfumo mpya anwani za ndani zilikuwa ndefu, zenye namba na alama za kuuliza.

"Evans, milango haibadiliki," alimwambia. "Imechomwa."

"Haibadiliki, na haina haja," Evans alimjibu. "Tutaandika anwani upya kwa ndani. Chukulia ni nyumba. Mgeni anapiga hodi mlango uleule. Wewe ndani umehamisha jiko, umebomoa ukuta, umebadilisha vitanda. Yeye hana habari. Anakula, anashukuru, anaondoka."

"Na kama mwenye nyumba hayupo?"

"Hapo ndipo unapomwelekeza. Unatoka nje unamwambia, nenda nyumba ile. Hayo ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye."

Kristiana hakuyachanganya. Aliandika kanuni za kuandika upya mwenyewe, Evans akizikagua, na siku mfumo mpya ulipowashwa milango yote iliitika kama zamani. Hakuna mkulima aliyejua kuwa ndani jiko limehama.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuja kwa mlango wa kuelekeza. Bertha aliteremka bondeni mwezi wa tano kuvuna mpunga kwa dada yake huko Muze, na kama ilivyo desturi ya kikundi, mbegu zake akazilaza kwa jirani yake Monika. Kristiana akaandika mstari mmoja: anayekuja mlango wa Bertha aelekezwe kwa Monika. Mfumo ulimtaka achague namba ya aina ya maelekezo. Alikuwa amesoma mahali kwamba mia tatu na moja ndiyo bora, ya haraka, na inapendwa na mitambo ya kutafutia. Akaiweka. Kwenye ukurasa wa Monika akaongeza yale maneno, ili mgeni asishangae.

Bertha aliporudi, na paa la ghala la Monika likaanza kuvuja, mbegu zikageuka njia: zake zikarudi kwake, na za Monika nazo zikaja kulala kwa Bertha. Monika akampigia Kristiana simu kumweleza, naye akaufuta mstari wa kwanza, akaandika wa pili, na kwa haraka akaacha namba aliyoikuta hapo, mia tatu na mbili: anayekuja kwa Monika aelekezwe kwa Bertha. Yale maneno alisahau kuyafuta. Bertha alipoondoka dukani ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya, akayafuta, na akajaribu mlango wa Bertha kwa kompyuta kupitia kidirisha cha siri, kile ambacho hakikumbuki kitu chochote. Ukafunguka vizuri. Akaanza kupumua.

Hata hajamaliza kupumua, simu ikaita. Alikuwa Jenifa, mkulima wa Laela aliyekuwa akiufuata ulezi mwekundu tangu kiangazi.

"Dada, mlango wa Bertha unanizungusha."

"Unakuzungusha vipi?"

"Nagusa, unazunguka, unazunguka, halafu unasema umeelekezwa mara nyingi mno. Nani ananielekeza mara nyingi? Mimi niko peke yangu hapa."

Kristiana akaomba simu ya mteja aliyekuwa dukani, akajaribu, ukafunguka. Akaomba ya muuza vocha wa jirani, ambaye mwezi wa nane aliwahi kuutazama ukurasa ule, ukazunguka, ukagoma. Akaketi akaitazama randa.

Evans alipokea kwa furaha. "Mambo, dada Kristi."

"Poa. Evans, nimeharibu." Akamweleza.

"Uliweka namba gani? Mia tatu na moja, au na mbili?"

"Na moja."

"Aah. Mia tatu na moja maana yake amehama kabisa. Simu ikiambiwa hivyo hairudi kuuliza tena. Inajiwekea kichwani, Bertha yuko kwa Monika, basi. Siku nyingine ukiandika Bertha haiji hata kwetu kubisha hodi. Inakwenda kwa Monika moja kwa moja."

"Na mbili?"

"Mbili ni ametoka, atarudi. Simu inauliza kila ikija."

"Ameenda shamba."

"Eeh, hivyo hivyo."

"Lakini ule mstari nimeufuta."

"Umeufuta kwetu. Kwenye simu za watu utaufutaje? Halafu huyo Monika, saa hizi umemwelekeza wapi?"

"Kwa Ber..." Kristiana hakumaliza.

"Umeona? Simu inasema Bertha yuko kwa Monika. Inafika kwa Monika, wewe unaiambia nenda kwa Bertha. Inasema, ah, Bertha yuko kwa Monika. Ikichoka inagoma."

"Na nikiuondoa huu wa pili?"

"Wanaangukia kwa Monika, wanakuta ghala tupu. Njia rahisi, waambie watu wafute kumbukumbu za simu zao."

"Akina mama wa Laela na Mpui? Wafute kumbukumbu kwa kosa nililofanya mimi? Hapana. Wao ndio walioniamini. Tafuta nyingine, na mimi nitafute."

"Sawa, dada. Nifikirie, nitakupigia."

Jioni Abeli alirudi na harufu ya Kasanga mwilini, akaiona randa juu ya kaunta.

"Mama Adela, umebadilisha biashara? Unachonga vitanda?"

Akamsimulia. Abeli alisikiliza huku akivua viatu, kwa utulivu usio wa kawaida yake.

"Mimi nikileta samaki, kabla sijamuuzia mtu nanusa mwenyewe," alisema mwishowe. "Wewe ulinusa?"

"Nilinusa kwa pua isiyokumbuka kitu."

"Hiyo si pua, mke wangu. Hiyo ni mafua."

Alicheka bila kutaka. Lakini alipoacha kucheka alikuwa ameshaamua jambo moja: kwamba hatamngoja Bertha Jumamosi na maelezo mkononi. Atakwenda kabla, amwambie lote, pamoja na lile ambalo hajalipatia dawa.

Alhamisi akafunga duka, akapanda bodaboda, akapita Milanzi na kuingia njia ya vumbi inayopanda kuelekea kijijini. Upepo wa nyanda za juu ulikuwa mkavu, mawingu yamesimama mbali upande wa milima kama wageni wasiojua kama wamealikwa. Wasafiri waliozoea nchi za joto hushangaa kuvaa sweta mahali kama hapa. Wenyeji hawashangai, huvaa tu. Kwenye miteremko vilima vya ntumba vilijipanga safu kwa safu, na miongoni mwake akamwona mwanamume mmoja amesimama na jembe begani, hafanyi kitu. Hakuhitaji kuambiwa kuwa yule ni Fabiani.

Bertha alikuwa akipepeta uwanjani. Kristiana akapiga goti kidogo, akaamkia, kisha akasema yote akiwa bado amesimama. Kwamba maneno ameyafuta. Kwamba simu ambazo ziliwahi kuja wakati wa kiangazi zimeshameza neno, na hawezi kulitoa matumboni mwao. Kwamba bado hana njia.

Bertha aliendelea kupepeta.

"Kwa hiyo mimi nipo hapa," alisema, "mikono yangu hii, ungo huu, na simu ya mtu wa Laela inabisha kuwa sipo."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uliyeiambia, ukiiambia vingine haisikii."

"Haiji kuniuliza tena."

"Ina kiburi kama marehemu mume wangu. Ukimwambia kitu mara moja, kimekwisha." Akaweka ungo chini. "Ulijua tofauti ya kuhama na kwenda shamba?"

"Kwa watu, naijua tangu utoto. Kwenye kompyuta niliona namba tu. Nikachukua ile walioisifu."

"Umezaliwa Izia wewe?"

"Izia."

"Mfipa wa Izia, anaulizwa jirani yako amehama au ameenda shamba, anachagua amehama kwa sababu ni ya haraka!" Bertha aligonga viganja. Haikuwa wazi kama ni hasira au kicheko, na labda mwenyewe hakujua. "Unataka nikuambie nini? Randa umekuja nayo?"

"Nitakuja nayo Jumamosi, kama ulivyosema. Lakini leo nimekuja kutafuta njia."

Wakati huo huo sauti zikasikika upande wa pili wa shamba. Monika, mwanamke mnene mcheshi ambaye nyumba yake ipo ng'ambo ya safu za vilima, alikuwa akija kwa miguu, na nyuma yake mgeni mwenye kitenge cha safari na mkoba begani, akiruka kutoka kilima hadi kilima ili asivikanyage.

"Hodi huko!" Monika aliita. "Nimekuletea mtu wako, Bertha! Kafika kwangu, simu yake imemwambia unaishi kwangu. Nimetafuta chini ya kitanda, sijakuona!"

Mgeni alikuwa Jenifa. Simu ilipogoma, aliamua kuitegemea miguu: alipanda basi kutoka Laela, akaulizia kwa Monika kwa kuwa ndilo jina la mwisho ambalo simu iliwahi kumwonyesha.

Monika hakumrudisha Jenifa barabarani ili aje kuingia kwa lango la mbele. Alikuwa amemkatisha katikati ya vilima, akampitisha kwenye kijia cha jirani kwa jirani, na akamfikisha kwenye kimlango cha nyuma cha ghala, ubao wenye mikwaruzo usio na herufi yoyote, anaoupitia Bertha peke yake anapotoka shambani. Bertha akaingia ghalani akaufungua kwa ndani, na Jenifa akawa amefika.

Kristiana, aliyekuwa amezunguka nyuma kuwapokea, alisimama akiutazama ubao ule muda mrefu kiasi kwamba Monika akamuuliza kama anaumwa.

"Dada Monika," alisema polepole, "kwa nini hukumpitisha mbele?"

"Mbele kwa nini? Ametoka huko huko kwenye kuzungushwa. Nimrudishe barabarani aanze upya?"

"Hapana," alisema Kristiana. "Hapana, usimrudishe."

Akatoa simu, akampigia Evans palepale, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya upepo.

"Evans, Monika nisimwelekeze kwa mlango wa mbele wa Bertha. Nimtengenezee Bertha mlango mwingine, wa nyuma, anwani ambayo hakuna simu iliyowahi kuiendea wala kuambiwa neno juu yake. Simu yenye kumbukumbu mbaya itakwenda kwa Monika, Monika ataipeleka nyuma. Simu mpya itaingia mbele. Ndani ni ghala lilelile."

"Nilikuwa nakaribia hapo hapo," alisema Evans, "na ningekupigia jioni. Itakubali. Ila dada, hiyo ya Monika kwenda nyuma..."

"Mia tatu na mbili. Ameenda shamba. Siandiki tena moja mpaka niingie kaburini."

"Na Monika paa lake likipona, mbegu zake zikirudi kwake?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akamtazama Monika, aliyekuwa akimwonyesha Jenifa ulezi kiganjani. "Basi ukurasa wa Monika utabaki na kibao, anayemtafuta Bertha apite hapa. Utabaki miaka yote itakayohitajika. Hata simu ya mwisho ikifa, nitauacha hapo hapo."

Ijumaa aliandika mistari. Ilikuwa michache, na aliinusa yote safari hii kwa pua zinazokumbuka: simu ya muuza vocha, simu ya fundi cherehani, simu ya Abeli ambayo ilikuwa imejaa picha za samaki na ambayo, ikagundulika, iliwahi kuutembelea mlango wa Bertha mwezi wa saba kwa udadisi tu. Juu kabisa ya faili la kanuni, pale ambapo mashine haisomi bali husoma mtu, aliandika kwa ajili ya yeyote atakayekuja kulishika baada yake: Hapa hakuna anayehama mpaka aseme mwenyewe mwenye mlango.

Jumamosi uwanja wa Bertha ulijaa. Walikuja wa Mpui na wa Laela, wengine wakiwa na mbegu katika vitambaa, wengine mikono mitupu na macho makali. Fabiani naye alikuja, akasimama pembeni, jembe ameliacha nyumbani. Kristiana akamkabidhi Bertha randa mbele ya watu wote, kama alivyoagizwa.

Bertha akaipokea. "Jenifa," aliita, "simu yako ndiyo iliyokuwa mbishi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Andika kama mlango unavyosema. Soma kwa sauti unachokiona, watu wasikie."

Jenifa aliandika herufi moja moja, akitazama mlango uliochomwa. Mkono wa Kristiana ulijikuta umeshika ukingo wa kitenge chake na kukikunja.

"Umezunguka kidogo," alisema Jenifa. "Umefunguka. 'Ghala la Bertha. Ulezi mwekundu upo. Mwenye ghala yupo nyumbani.'"

"Rudia hayo ya mwisho."

"'Mwenye ghala yupo nyumbani.'"

Bertha hakumtazama Kristiana. Alimtazama shemeji yake. "Fabiani, umesikia mtandao?"

"Nimesikia, shemeji." Fabiani akakohoa. "Kumbe umerudi. Karibu sana."

Watu waliangua kicheko, na Monika alicheka kuliko wote. "Lakini mjue," alisema, "simu mbishi zote zinapitia kwangu kwanza. Kwa hiyo namdai Bertha shukrani kila mgeni akifika!"

"Wewe ndiye unayedaiwa," Bertha alimjibu. "Mbegu zako zinalala kwangu."

Kisha akamgeukia Kristiana. "Zile simu bado zinaamini nimehama?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. "Zile za kiangazi, ndiyo, mama. Bado zinaamini. Ila sasa zinafika."

Bertha aliipimapima randa mkononi, kidole gumba kwenye wembe. Alizunguka ghala kwa nyuma, na watu wakamfuata bila kujua kama wanakwenda kuona mwisho au nini. Mbele ya kile kimlango cha uani akasimama, akaweka randa juu ya ule ubao wenye mikwaruzo, akasukuma mara moja, na utepe mrefu wa mti ukajikunja na kuanguka. Akasukuma tena, mpaka ubao ukawa laini.

"Modesti yuko wapi?" aliuliza. "Mwambieni alete chuma. Na wewe Kristiana, njoo umsomee herufi. Huu nao uwe na anwani yake."